Usasa wa matsar na mgongo wa mtwana

Mwaka 1724, mwaka mmoja kabla hajafariki, Tsar Peter wa Kwanza alitia saini amri ya kuanzisha Akademia ya Sayansi mjini St. Petersburg. Alitaka Urusi iwe na wanahisabati wake na wanafizikia wake, kama ilivyokuwa Paris na London. Mwaka huohuo wakulima wa himaya yake walianza kulipa kodi mpya ya kichwa, kopeki 74 kwa kila mwanamume, tangu mtoto mchanga hadi kikongwe. Vitabu vingi huyatenganisha mambo haya mawili. Akademia huwekwa kwenye sura ya maendeleo, kodi kwenye sura ya dhuluma, na msomaji huachwa aamini kwamba kulikuwa na Urusi iliyokwenda mbele na nyingine iliyosahaulika nyuma, na kwamba kosa la matsar lilikuwa kukosa muda wa kuifikia ile ya pili. Ushahidi hauelekei huko. Utwana wa wakulima wa Urusi haukuwa kiporo cha zama za kale ambacho usasa haukupata kukigusa. Ulikazwa na watawala walewale waliojenga vyuo, viwanda na meli, ukakazwa kwa ajili ya vitu hivyohivyo, na kwa karibu miaka mia moja na hamsini watawala hao hawakuchagua njia nyingine ya kuvipata.

Husemwa mnyonge anyongwe lakini haki yake apewe. Peter hakuwa mnyonge hata kidogo, ila haki yake naye apewe. Alirithi dola isiyo na jeshi la majini, ambayo bandari yake ya kutegemewa ilikuwa Arkhangelsk, kaskazini kabisa, ambako maji huganda kwa miezi mingi ya mwaka. Mwaka 1697 alifuatana na ujumbe mkubwa uliokwenda Ulaya Magharibi, akijificha kwa jina la bandia, akashika shoka katika karakana za meli za Uholanzi na kujifunza uchoraji wa ramani za meli Uingereza. Aliporudi aliwanyoa ndevu mamwinyi wake kwa mkono wake mwenyewe, na baadaye akawatoza kodi waliong'ang'ania kubaki nazo. Warusi waliokuwa wakihesabu mwaka 7208 tangu kuumbwa kwa ulimwengu wakaamriwa kuhesabu 1700. Shule ya hisabati na ubaharia ilifunguliwa Moscow mwaka 1701. Gazeti, herufi zilizorahisishwa na Seneti vikafuata. Mwaka 1722 likatoka Jedwali la Vyeo lenye ngazi 14, ambalo lilimwezesha mtu asiye na ukoo kupanda hadi umwinyi kwa utumishi wake. Ushindi wa Poltava mwaka 1709, na mkataba wa Nystad wa mwaka 1721 uliomaliza vita na Uswidi, viliifanya Urusi kuwa dola ambayo hakuna mfalme wa Ulaya aliyeweza tena kuipuuza. Haya hayabishaniwi. Kinachobishaniwa ni chombo alichokitumia.

Chombo chenyewe alikikuta tayari. Sheria ya mwaka 1649, iliyotolewa na baba yake, Tsar Alexei, ilikuwa imekwisha kumfunga mkulima kwenye ardhi ya mwinyi. Akitoroka angeweza kudaiwa na kurudishwa hata ikipita miaka mingapi. Zamani alikuwa na majuma mawili kila mwaka, moja kabla na moja baada ya sikukuu ya Mtakatifu George mwezi Novemba, ambapo angeweza kumaliza madeni na kuhama. Hilo lilikuwa limekwisha. Peter aliongeza kitu ambacho baba yake hakuwa nacho, nacho ni takwimu. Gharama za jeshi kwa mwaka, takriban rubli milioni 4, ziligawanywa kwa idadi ya wanaume walioandikishwa, zaidi ya milioni 5, na jibu la hesabu hiyo ndilo likawa kodi. Watumwa wa nyumbani, ambao hapo awali hawakulipa chochote, waliandikwa katika daftari moja na wakulima. Utumwa wa kale ukafutika kisheria kwa namna ya ajabu: mtumwa hakupandishwa, ila mkulima ndiye aliyeshushwa. Kisha dola, ambayo haikuwa na makarani wa kutosha kufika kila kijiji, ikamkabidhi mwinyi kazi ya kukusanya kodi na kuteua vijana wa kwenda jeshini, ambako tangu mwaka 1705 mtu alichukuliwa kwa maisha yake yote. Mkulima aliyetaka kwenda mbali kutafuta kibarua alihitaji cheti cha ruhusa. Wasomaji wa Afrika Mashariki ambao babu zao walidaiwa kodi ya kichwa, na hasa wale wa Kenya ambao babu zao walining'inizwa kipande shingoni, hawahitaji kuelezwa maana ya dola inayomhesabu mtu ili imtoze na kumzuia asiondoke.

Hapo ndipo kiini cha hoja kilipo. Mwinyi alipokuwa mkono wa dola kijijini, kumfungua mkulima kulimaanisha kuukata mkono huo. Kila tsar aliyefuata aliyetaka jeshi kubwa zaidi au ofisi nyingi zaidi alijikuta akimhitaji mwinyi zaidi, na bei ya mwinyi ilikuwa ileile siku zote: mamlaka juu ya watwana. Kwa hiyo urasimu wa kisasa haukuusogeza utwana pembeni. Uliutungia daftari. Ndani ya daftari hilo mtu aliyekufa aliendelea kuhesabiwa na kulipiwa kodi mpaka sensa nyingine ifanyike, jambo ambalo Nikolai Gogol alilijengea riwaya yake ya Nafsi Zilizokufa mwaka 1842. Tapeli wake anazunguka akinunua majina ya marehemu ili ayaweke rehani. Wasomaji walicheka. Serikali ndiyo iliyoyatengeneza mazingira ya utapeli huo.

Viwandani hali ilikuwa wazi zaidi. Nchini Uingereza kiwanda kiliajiri mtu aliyeondoka shambani, awe ameondoka kwa hiari au kwa kufukuzwa. Urusi haikuwa na watu wa namna hiyo, kwa sababu sheria iliwakataza kuondoka. Mwaka 1721 Peter aliwaruhusu wafanyabiashara wasio mamwinyi kununua vijiji vizima, watu wakiwa ndani yake, mradi watu hao wafungwe kwenye kiwanda na si kwa mwenye kiwanda. Katika milima ya Ural familia ya Demidov, iliyoanzia kwa fundi wa kufua chuma, ilijenga himaya ya tanuri kwa kazi ya watu hao na ya wakulima wa dola walioamriwa kulipa kodi yao kwa kukata kuni na kuchoma mkaa, wengine wakisafiri mamia ya kilomita kutoka makwao. Katika karne ya 18 Urusi ikawa miongoni mwa wazalishaji wakubwa kabisa wa chuma duniani, na shehena zake zikauzwa kwa wingi Uingereza. Mtu akitazama tani za chuma peke yake, ataona mapinduzi ya viwanda. Akitazama mikataba ya kazi, hataona hata mmoja.

Hata kisa kinachopendwa sana Afrika kuhusu Peter, cha Abram Gannibal, kikisomwa hadi mwisho kinasema jambo hilohilo. Mtoto huyu Mwafrika, ambaye wanahistoria bado wanashindana kama alitoka upande wa Ethiopia au karibu na Ziwa Chad, alitolewa Istanbul akiwa mateka, akafikishwa kwa Peter, akabatizwa naye akiwa baba yake wa ubatizo, akapelekwa Ufaransa kusomea uhandisi wa kijeshi. Alipanda hadi kuwa jenerali, na kitukuu chake ni mshairi Alexander Pushkin. Tunakisimulia kama ushahidi kwamba Urusi ya Peter ilithamini kipaji kuliko rangi, na ni kweli. Lakini Malkia Elizabeth, binti Peter, alipotaka kumtunuku, alimpa ardhi katika mkoa wa Pskov pamoja na mamia ya watwana waliokuwa juu yake. Mtu aliyewahi kuuzwa alizawadiwa watu, kwa sababu hiyo ndiyo sarafu ambayo dola ile ilikuwa nayo ya kulipia elimu na utumishi.

Pingamizi la kwanza, na lenye nguvu kuliko yote, ni la vita. Urusi ilikuwa uwanda mpana usio na milima ya kuikinga; Waswidi walikuwa kaskazini, Wapolandi magharibi, Waturuki na Watatari kusini. Mwaka 1700 jeshi la Peter lilisagwa na mfalme wa Uswidi, Charles wa Kumi na Mbili, huko Narva. Mtawala wa nchi kama hiyo, husemwa, hakuwa na nafasi ya kungoja wakulima wawe raia. Pingamizi hili lingesimama kama si huyohuyo Charles. Uswidi ilikuwa nchi ndogo na maskini, na wakulima wake wengi walikuwa watu huru, tena waliotuma wajumbe wao bungeni wakikaa kama tabaka la nne kando ya mamwinyi, makasisi na watu wa mijini. Nchi hiyo ndiyo iliyoitetemesha Ulaya kaskazini kwa miaka mia. Vita vinaeleza haraka aliyokuwa nayo Peter. Haviwezi kueleza kwa nini haraka hiyo ilichukua sura ile. Na Peter aliijua Uswidi vizuri. Alipounda idara zake mpya za serikali kuanzia mwaka 1718 aliiga mfumo wa Waswidi, huku bado akipigana nao. Pendekezo la kuiga pia ngazi ya chini, ambako wakulima walishiriki katika shughuli za eneo lao, lilipofika mbele ya Seneti, lilikataliwa kwa maelezo kwamba miongoni mwa wakulima wa Urusi hakuna watu wenye akili. Kwa hiyo njia nyingine ilikuwapo, ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi, na iliwekwa kando kwa kujua.

Pingamizi la pili husema kwamba bila mkono wa tsar hakuna ambaye angesogeza chochote, kwa kuwa jamii yenyewe ilikuwa dhaifu: miji michache, wafanyabiashara wachache, kanisa lililoogopa kila kigeni. Hapa sababu na matokeo vimebadilishana mahali. Novgorod ilikuwa mji wa biashara uliojiamulia mambo katika baraza lake mpaka Ivan wa Tatu alipouteka mwaka 1478 na kuiondoa kengele ya baraza hilo. Mabaraza ya nchi yaliitwa mara kwa mara katika karne ya 17. Mojawapo ndilo lililomchagua tsar wa kwanza wa ukoo wa Romanov mwaka 1613. Mamwinyi wa karne hiyo hawakuwa malaika, na baraza la mwaka 1649 ndilo lililobariki sheria ya utwana, lakini vyombo vya kuzungumzia mambo vilikuwapo. Peter hakuvihitaji. Alipofariki mkuu wa kanisa, Patriarki Adrian, mwaka 1700 hakumweka mwingine, na mwaka 1721 kanisa likawekwa chini ya bodi ya serikali. Jamii iliyovunjwa vyombo vyake vyote haiwezi kulaumiwa kwa kungojea amri.

Catherine wa Pili ndiye mtihani mgumu zaidi wa hoja hii, kwa sababu yeye alisoma. Binti huyu wa kifalme kutoka Ujerumani, aliyempindua mumewe mwaka 1762, aliandikiana na Voltaire, akanunua maktaba ya Diderot na kumwachia aitumie mpaka kufa kwake, akafungua mwaka 1764 taasisi ya Smolny ya kusomesha wasichana, na mwaka 1768 akajitolea mwili wake kuchanjwa ndui na daktari wa Kiingereza, Thomas Dimsdale, ili raia waache kuogopa. Mwaka 1767 aliita tume ya kutunga sheria mpya yenye wajumbe zaidi ya 500, akaiandikia mwongozo uliochota kwa wingi kutoka kwa Montesquieu na Beccaria. Watwana wa mamwinyi hawakuwa na mjumbe hata mmoja. Na mwaka huohuo wa 1767 ilitoka amri iliyowakataza watwana kumlalamikia mfalme kuhusu mabwana zao. Aliyethubutu alipigwa mijeledi na kupelekwa Siberia. Wengine husema Catherine alikuwa mnafiki. Sidhani. Alikuwa mgeni aliyekalia kiti alichowekewa na maofisa wa gadi, wote mamwinyi, na alijua hesabu zake. Uasi wa Pugachev wa 1773 hadi 1775, uliowasha moto kando ya Volga na Ural, viwanda vikiwemo, ulimthibitishia kwamba bila mwinyi hakuwa na mtu mikoani. Mageuzi ya mikoa ya mwaka 1775 na Hati ya Mamwinyi ya mwaka 1785 vikawapa mamwinyi mahakama zao, mabaraza yao na kinga dhidi ya kuchapwa. Ni haki za kiraia kwa maana kamili, za kwanza za aina yake Urusi, zilizosimama juu ya watu wasio na haki yoyote. Miaka miwili kabla, mwaka 1783, wakulima wa Ukraine ya mashariki walifungwa kwenye ardhi kama wenzao wa Urusi.

Kuna wanaosema tusimpime Catherine kwa kipimo cha leo. Kipimo hicho kilikuwa cha siku zake. Manifesto ya tarehe 18 Februari 1762, iliyotolewa na mumewe, iliwaondolea mamwinyi wajibu wa kutumikia dola, na minong'ono ikasambaa vijijini kwamba zamu ya wakulima imefika. Kama mwinyi alipewa watu ili aweze kutumikia, na sasa hatumikii, watu hao ni wa nini? Wakulima wasiojua kusoma walikuwa wameigundua dosari ya mkataba mzima. Mwaka 1790 Alexander Radishchev, ofisa wa forodha aliyesomeshwa Leipzig kwa fedha za Catherine mwenyewe, alichapisha kitabu cha safari kati ya St. Petersburg na Moscow kilichoeleza waliyokuwa wakitendewa watwana. Alihukumiwa kifo, kisha akapelekwa Siberia. Elimu ya dola ilikuwa imezaa matunda, na dola ikayaogopa.

Suala hili la elimu linastahili kukaliwa kidogo, kwa sababu ndiko watetezi wa matsar hukimbilia. Mikhail Lomonosov, mwanasayansi mkubwa kuliko wote wa karne hiyo, alikuwa mtoto wa mvuvi kutoka ufuko wa Bahari Nyeupe. Ni kweli, lakini kaskazini kule hakukuwa na mamwinyi wa kuwafunga watu, na hata hivyo alilazimika kudanganya kuhusu ukoo wake ili apokewe shuleni Moscow. Chuo Kikuu cha Moscow, kilichoanzishwa mwaka 1755 kwa mchango wake, hakikumpokea mtwana asiyeachwa huru na bwana wake. Mwaka 1827 Nicholas wa Kwanza akawafungia watwana pia milango ya shule za sekondari, akihofia kwamba watajifunza kuichukia hali ambayo hawawezi kuitoka. Waliopata ujuzi licha ya hayo waliupata kama mali ya mtu. Katika kumbi za Kuskovo na Ostankino, ambako mamwinyi wa ukoo wa Sheremetev walionyesha opera za Kifaransa kwa ustadi uliosifiwa na wageni, waimbaji walikuwa watwana wao. Praskovya Zhemchugova, binti wa mhunzi, nyota wa jukwaa hilo, aliachwa huru mwaka 1798 na kuolewa kwa siri na bwana wake mwaka 1801. Taras Shevchenko, ambaye Waukraine humhesabu kuwa baba wa fasihi yao, alinunuliwa uhuru mwaka 1838 kwa rubli 2,500, fedha zilizopatikana kwa kuichezesha bahati nasibu picha aliyoichora Karl Bryullov. Mambo hayo hayakutokea pembezoni mwa utamaduni wa kisasa wa Urusi. Yalitokea katikati yake.

Kilichouangusha utwana ni kushindwa, na hapa vita vinarudi, safari hii kama shahidi upande wa pili. Prussia iliposagwa na Napoleon mwaka 1806, mwaka uliofuata ilitangaza kuondoa utwana. Urusi ilimfukuza Napoleon mwaka 1812, ikaingia Paris mwaka 1814, na Alexander wa Kwanza, aliyekuwa na rasimu za mageuzi mezani tangu ujana wake, hakuona tena ulazima. Aliwafungua wakulima wa majimbo ya Baltiki kati ya 1816 na 1819, bila ardhi, basi. Miaka arobaini baadaye, katika vita vya Krimea, Waingereza na Wafaransa walileta askari wao kwa meli za mvuke hadi mlangoni mwa Urusi, wakati kusini mwa Moscow hapakuwa na reli ya kuwafikisha askari wa Tsar Sevastopol. Jeshi la watwana lilikuwa na kasoro nyingine: aliyeingia jeshini alitoka utwanani, kwa hiyo dola haikuweza kufunza wengi kwa muda mfupi na kuwarudisha nyumbani kuwa akiba bila kuubomoa mfumo mzima. Mwaka 1856 Alexander wa Pili aliwaambia mamwinyi wa Moscow kwamba ni heri utwana uondolewe kutoka juu kuliko kungoja ujiondoe kutoka chini.

Manifesto ya tarehe 19 Februari 1861, miaka 99 na siku moja baada ya ile ya mamwinyi, iliwafungua watu zaidi ya milioni 20. Yafuatayo yalikuwa makubwa: mabaraza ya wilaya na mahakama za wazee wa baraza mwaka 1864, kisha mwaka 1874 utumishi wa jeshi kwa matabaka yote. Je, hapo si kwamba utawala wa mtu mmoja ulijirekebisha wenyewe? Kwa sehemu, ndiyo, na sijui serikali nyingine ya wakati ule iliyofanya mageuzi ya upana huo bila damu nyingi. Marekani ilikuwa inaingia vitani kwa sababu ya utumwa wake. Lakini tazama malipo. Dola iliwalipa mamwinyi kwa hati za mkopo, na wakulima wakatakiwa kuirudishia dola kwa miaka 49, pamoja na riba, kwa ardhi ambayo mara nyingi ilikuwa pungufu ya ile waliyokuwa wakiilima. Mwinyi alipoondolewa kwenye ukusanyaji wa kodi, kazi yake alipewa kijiji kizima: wote wanadaiwa kwa pamoja, na anayetaka kuondoka aombe ruhusa ya kijiji na cheti cha safari. Wengi hawakuamini kwamba huo ndio uhuru wenyewe. Katika kijiji cha Bezdna, mkoa wa Kazan, maelfu walikusanyika kumzunguka Anton Petrov, mkulima aliyesema uhuru wa kweli umefichwa ndani ya waraka; askari wakawafyatulia risasi.

Mfumo huo mpya ukaendesha duru nyingine ya usasa kwa kanuni ileile. Reli ya Siberia ilianza kujengwa mwaka 1891, na Sergei Witte, waziri wa fedha kuanzia mwaka uliofuata, akaifunga rubli kwenye dhahabu mwaka 1897. Mikopo ya nje iliyogharimia yote hayo ilidhaminiwa kwa nafaka iliyouzwa nje, na nafaka ilipatikana kwa kumbana mkulima kodi wakati wa mavuno. Mwaka 1891 mvua ilipokosekana kwenye Volga, maghala ya vijiji yalikuwa matupu. Sensa ya mwaka 1897 ilikuta kwamba kati ya kila watu watano ni mmoja tu aliyejua kusoma, katika nchi iliyokuwa na Mendeleev na Tolstoy. Malipo ya ardhi yalifutwa baada tu ya mapinduzi ya mwaka 1905.

Mtu anaweza kusema kwamba angalau mambo hayo yaliondoka na matsar mwaka 1917. Lakini mwezi Desemba 1932, serikali ya Kisovieti, ikiwa katikati ya kujenga viwanda kwa kasi na ikichukua nafaka vijijini kulipia mitambo ya nje, ilianzisha pasipoti za ndani ya nchi. Wakaazi wa mijini walipewa. Wakulima wa mashamba ya pamoja, isipokuwa katika maeneo machache, hawakupewa, na bila pasipoti hawakuweza kuhamia mjini wapendavyo. Uamuzi wa kuwapa wote ulipitishwa mwaka 1974.